Aliyerusha Jiwe Ahame Yeye

Fadhila Yassin hajawahi kuambiwa "kaa hapo" akakaa. Nimefahamiana naye tangu tukiwa walimu vijana wenye nywele nyingi na mishahara midogo, na kama kuna jambo moja ninaloweza kuliapia mbele ya hakimu, ndilo hilo. Ukitaka aondoke mahali, mwambie abaki. Ukitaka abaki, thubutu kumwambia aondoke.

Mimi naitwa Jasuben, binti Mohanlal wa duka la vitenge pale mjini Mwanza. Baba alitaka nikae kaunta, nikaenda kufundisha hesabu, na mpaka anafariki alikuwa akiwaambia wateja kwamba binti yake anajitolea kwa muda tu. Kwa hiyo ubishi naujua, nimezaliwa nao. Lakini ubishi wangu mbele ya wa Fadhila ni kijiko mbele ya koleo.

Baba yake, mzee Yassin, alikuwa fundi cherehani, mtoto wa Mwarabu na mama wa Kinyamwezi. Mama yake alikuwa Mkerewe aliyevuka ziwa kuja kuolewa. Alipomaliza chuo cha ualimu, Fadhila alipangiwa shule moja ya kijijini upande wa Bujora. Mwalimu mkuu akamwambia nyumba za walimu ni za wenye familia, binti asiye na mume atafute pa kulala kwa ndugu zake. Hakuwa na ndugu hata mmoja kule. Akabeba godoro lake kichwani mchana kweupe, akalitandika kwenye stoo ya majembe, akalala humo. Asubuhi watoto wakija kuchukua majembe ya shamba la shule wanalazimika kupiga hodi kwa mwalimu wao. Aibu ikamwingia mwalimu mkuu, nyumba ikapatikana. Fadhila hunisimulia kisa hicho kila mwaka, na kila mwaka yule mwalimu mkuu anazidi kuwa mfupi.

Alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote. Wengi wetu tulilikimbia darasa la kwanza, kwa sababu ya makamasi, vilio, na watoto wanaotaka kwenda nyumbani kabla hawajafika. Yeye aliliomba. Alisema akimpata mtoto kabla hajajifunza kudanganya vizuri, kazi inakuwa nusu. Baadaye alihamishiwa shule ya mjini, tukakutana hapo, akaolewa na Seif, fundi wa injini za boti, mtu mpole ambaye nadhani alimwoa ili asibishane naye akiwa mbali. Wakapata binti mmoja, Sana. Wakanunua kiwanja kilimani kule Ilemela, mahali ambapo mawe ni mengi kuliko udongo. Fundi akasema jiwe moja kubwa lipasuliwe ndipo nyumba ikae sawa. Fadhila akakataa, akasema jiwe lilitangulia, yeye amekuja jana. Ndiyo maana jiko lake lina kuta tatu za tofali na ukuta wa nne ni jiwe lenyewe, na ukiegemea hapo wakati wa joto unapata ubaridi mzuri sana.

Seif akafariki, Sana akaolewa Dar es Salaam, Fadhila akastaafu. Akabaki peke yake kilimani, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Macho ya Fadhila ni mekundu. Yamekuwa mekundu tangu namfahamu. Aliugua macho utotoni, ikaja chaki, ukaja moshi wa kukausha samaki. Lakini kwetu huku mwanamke mzee mwenye macho mekundu hapelekwi hospitali, anatazamwa kwa pembeni. Naona uchungu hata kuandika hivyo, kwa sababu walioanza kumtazama kwa pembeni ni watu aliowafuta makamasi kwa kitambaa chake mwenyewe. Masika ya mwaka jana mtoto wa jirani alifariki kwa homa, maskini, na mazishi hayajaisha watu wakaanza kuulizana kwa nini bibi yule anaishi peke yake, na kwa nini ameshikamana na jiwe ndani ya nyumba.

Jioni moja, watu wakiwa wanapika, jiwe likaangukia bati lake. Akatoka nje, hakumwona mtu. Siku nyingine likaja la pili, likapasua kioo cha dirisha. Baada ya hapo yakawa yanakuja yanavyotaka. Akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaambiwa avumilie, upepo utapita. Jirani yake wa chini, Ndalahwa, mwenye nyumba ya wageni anayotaka kuipanua, akamjia kwa upole mwingi.

"Mayu, lisemwalo lipo, na kama halipo laja," alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mimi nakuonea huruma. Ukiamua kwenda kwa binti yako, nitakutafutia mtu wa kukaa na kiwanja."

"Mtu huyo ana jina?" Fadhila akamuuliza.

Ndalahwa akacheka, akashuka zake kwake.

Sana naye alikuwa akipiga simu kila siku, analia, anamwambia mama yake aende Dar. Fadhila akamjibu kwamba mtu mwenye akili hakai kando ya maji ya chumvi. Lakini mimi nilimwona akianza kuchoka. Alikuwa akikaa nami sebuleni kwangu, kikombe mkononi, kila kishindo cha mtoto wa mtaani kikimshtua. Siku moja akaniuliza, kwa sauti ambayo sikuizoea, kama mabegi makubwa bado yanauzwa pale sokoni. Ndipo nilipojua kwamba jambo limefika pabaya. Fadhila alikuwa anakaribia kuondoka kwenye nyumba yake mwenyewe, si kwa kupenda, bali kwa kufukuzwa na watu wasiotaka hata kuonekana.

"Kabla ya begi," nikamwambia, "tulipeleke kwenye umoja."

Umoja wetu ni wa walimu wastaafu. Tunakutana Jumamosi moja ya kila mwezi katika darasa la shule ya msingi, tunajibana kwenye madawati ya watoto mpaka magoti yanalia, na mwenyekiti wetu, mzee Luhende, aliyekuwa mwalimu mkuu, ila si yule wa Bujora, hupiga kengele ya kuanza na ya kumaliza. Mtu asiyetufahamu atacheka. Tunaye hata kiranja. Tena tuna desturi moja ambayo wageni wetu hawaambiwi mpaka wamekwisha kuingia. Kila mgeni anayekuja kutuelimisha tunamchukulia kama mwalimu mwanafunzi aliyekuja kwa mazoezi ya kufundisha. Anafundisha, anajibu maswali, halafu anakaa mbele, sisi tunamfanyia tathmini: utangulizi, sauti, mifano, kama somo limewafaa wanafunzi. Asiyefaulu anarudia kipindi. Daktari mmoja wa sukari alifaulu vizuri. Bwana mmoja wa bima alirudia, na mara ya pili, kusema kweli, alitufundisha jambo la maana.

Kwenye mkutano, Fadhila akapendekeza tumwite polisi awe mgeni wetu. Luhende akaandika barua, na mwezi uliofuata akaja Afande Machibya, mkaguzi wa polisi anayehusika na usalama wa kata, kijana mrefu mwenye sare iliyopigwa pasi mpaka inakata.

"Shikamooni walimu wangu," akasema.

"Marahaba," darasa zima likajibu, na Luhende akagonga kengele.

Sina ubaya na kijana yule. Alikuwa amejiandaa. Alizungumza juu ya matapeli wa simu, juu ya kufunga milango, juu ya vijana wanaojifanya wajukuu waliopotea. Alitaja mifano, alichora ubaoni, alisikika mpaka nyuma. Halafu akafika kwenye wazee wanaoishi peke yao, na Fadhila, aliyekuwa amekaa mbele yangu, akanyoosha mgongo.

"Hasa akina mama," Afande akasema. "Mnajua mazingira ya kanda yetu na imani zilizopo. Ushauri wangu ni huu. Mama anayeishi peke yake na ameanza kusemwa, asisubiri. Ahamie kwa watoto au kwa ndugu. Kama macho yana tatizo, avae miwani ya giza akitoka. Asitembee peke yake jioni. Aepuke kujibizana na majirani. Uhai kwanza, nyumba baadaye."

Watu wakapiga makofi. Ndiyo, wakapiga makofi. Walimu wazima, nusu yao wajane, wanampigia makofi mtu anayewaambia wajifiche. Mimi sikupiga. Nilikaa nikiwatazama, hasira ikinipanda kama maziwa yanayotaka kumwagika jikoni. Nikamwambia jirani yangu wa dawati kwamba mwenzio akinyolewa, wewe zako tia maji. Akaacha kupiga.

Fadhila akanyoosha mkono. Luhende akamruhusu, akasimama.

"Afande, mimi ndiye mama unayemsema," alianza. "Naishi kilimani peke yangu. Nimerushiwa mawe. Nimeelewa kwamba mimi nihame, mimi nivae miwani, mimi nisitembee, mimi ninyamaze. Swali langu ni fupi. Aliyerusha jiwe, yeye anahama lini?"

Machibya akaweka chaki mezani.

"Mama, pole sana," akasema. "Nitakwambia ukweli, sitaupamba. Bila ushahidi siwezi kumkamata mtu. Hakuna aliyeona. Majirani hawasemi. Na askari nilionao siwezi kumweka mmoja mlangoni kwa kila bibi wa kata nzima. Nimeshakwenda kwenye nyumba moja nikiwa nimechelewa. Sitaki kwenda kwako hivyo."

Hapo sauti yake ilibadilika kidogo, nikajua kwamba ushauri wake haukutoka kwenye karatasi. Alikuwa ameona kitu ambacho hakutaka kukisimulia. Kwa dakika hiyo nilimhurumia. Lakini huruma yangu haikuondoa ukweli kwamba alikuwa anamtoa Fadhila nyumbani kwake, kama wale wengine, ila yeye kwa adabu.

"Ni kweli, Mwalimu Fadhila," Luhende naye akaingilia. "Hasira hasara. Nenda kwa Sana japo mwaka mmoja, mambo yapoe."

"Mwenyekiti, kengele," Fadhila akamjibu. "Muda wa maswali umekwisha. Tuingie kwenye tathmini."

Luhende hakupenda, lakini utaratibu ni wake mwenyewe. Akagonga. Machibya akaelezwa desturi yetu, akatabasamu, akakaa kwenye kiti cha mbele akiwa ameshika kofia yake magotini. Watu wakamsifu. Mmoja akasema sauti nzuri. Mwingine akasema mchoro ulieleweka. Fadhila akaomba kuwa wa mwisho.

"Utangulizi ni mzuri," akasema. "Sauti inasikika. Mifano ipo, na mwalimu anawapenda wanafunzi wake, hilo nimeliona. Lakini ana kosa moja kubwa, na kwa kosa hilo mimi nisingempa alama ya kufaulu. Ameingia darasa lisilo lake. Amekuja kuwafundisha wanaorushiwa mawe namna ya kuyakwepa. Somo la mawe linafundishwa kwa warushaji, na warushaji hawapo humu. Wapo kilimani kwangu. Kwa hiyo napendekeza arudie kipindi, uani kwangu, Jumamosi ijayo asubuhi, wanafunzi wenyewe wakiwepo. Na sisi wakaguzi tuwepo."

Minong'ono ikajaa darasa. Mtu akasema kilima kile hakina hata njia ya pikipiki. Mwingine akasema goti lake. Mimi nikasimama, nikasema anayeunga mkono anyooshe, na nikageuka kumtazama mmoja mmoja usoni, jicho langu la hesabu wanalijua. Mikono ikapanda. Wa mwisho kunyoosha alikuwa Luhende, na alinyoosha akiwa anaguna.

Machibya akainuka kitini. Nilitegemea aseme ana majukumu mengine.

"Walimu," akasema, "mimi darasa la nne niliwahi kurudia. Kipindi kimoja hakiwezi kunishinda."

Jumamosi ile tulipanda. Naomba nisilieleze sana jambo hilo, kwa heshima ya waliohusika. Luhende alipanda kwa kukaa na kusimama. Mama mmoja alivua viatu akavishika mkononi. Wengine walivaa kama wanaokwenda harusini, na wakafika juu wamelowa jasho, ziwa likiwa chini linang'aa na ndege ikijiandaa kutua upande wa uwanja. Lakini tulifika, na hakuna aliyegeuka njiani.

Fadhila alikuwa ametuma ujumbe nyumba kwa nyumba: kila aliyesoma darasa la kwanza kwake aje, na asiyesoma kwake aje pia. Kilima kile nusu nzima walipita mikononi mwake. Walikuja. Wengine waliogopa polisi, wengine walifuata umbea, wengine nadhani hawakujua bado namna ya kumkatalia. Wakakaa juu ya mawe, watu wazima wenye watoto mgongoni, vijana wa bodaboda, kina mama wa dagaa. Ndalahwa alikaa kwenye jiwe la mbele, amevaa shati jeupe, kama mgeni rasmi.

Machibya alisimama mbele yao na safari hii hakuwa na mchoro. Aliwaambia kwamba kurusha jiwe kwenye nyumba ya mtu ni kosa la jinai. Aliwaambia kwamba kumwita mtu mchawi nalo ni kosa, hata ukilisema kwa kunong'ona kwenye foleni ya maji. Aliwaambia macho mekundu ni ugonjwa, na dawa yake ipo hospitali, haipo mkononi mwa kijana mwenye jiwe. Halafu akawasimulia juu ya ile nyumba aliyofika akiwa amechelewa. Hakutaja jina wala kijiji. Alisema tu kwamba aliikuta sufuria bado ipo motoni, na mwenye sufuria hayupo tena. Wanawake wakaweka kanga mdomoni. Kwa upande wangu, alama ya kufaulu alishaipata.

Ndalahwa akasimama.

"Afande, tunakushukuru sana kwa elimu," akasema. "Mwalimu ni mama yetu sote, tunampenda. Ndiyo maana tunashauri, kwa usalama wake mwenyewe, angekwenda tu kwa binti yake akapumzike. Sisi tutamtunzia hapa."

"Nimeshapumzika," Fadhila akamjibu. "Nimestaafu. Kaa, Ndalahwa."

Akakaa. Nilifurahi kumwona anakaa, sitaki kuficha.

"Nani anajua aliyerusha yale mawe?" Machibya akauliza.

Watu wakatazama vidole vya miguu yao. Akauliza tena, akasema anayejua anaweza kumfuata faragha. Wakazidi kuinama. Akaanza kukasirika, akasema basi ataanza kuchukua watu mmoja mmoja kwenda kituoni kuhojiwa, na hapo nikaona nyuso zikifunga kama milango. Wangekwenda kituoni, wangerudi, na wangemchukia Fadhila zaidi.

"Afande, naomba ukae," Fadhila akasema.

Afande naye akakaa. Fadhila akasogea mbele, akasimama pale alipokuwa amesimama polisi, mwanamke mfupi mwenye kanga mbili na macho yale yale wanayoyaogopa, akawatazama watu wote bila miwani ya giza.

"Lazeni vichwa," akasema. "Fumbeni macho."

Kila aliyepita darasa la kwanza kwa Fadhila anaijua amri hiyo. Penseli ya mtu ikipotea, chakula cha mtu kikiliwa, hakushika fimbo. Aliwalaza vichwa juu ya madawati, macho yamefumbwa, akauliza, na mwenye kosa akanyoosha mkono bila mwenzake kumwona. Kisha akamalizana naye polepole, pembeni, na darasa halikujua kamwe. Tulimcheka sana ofisini kwa njia hiyo. Lakini penseli zilikuwa zinarudi.

"Mayu, sisi ni watu wazima," Ndalahwa akasema, akicheka.

"Wewe penseli ulifundishwa kuishika na nani?"

Akaacha kucheka.

"Basi laza kichwa."

Nikamwona akiinama. Wa bodaboda wakainama. Kina mama wa dagaa wakafunika nyuso kwa mikono, wazee wakaweka paji la uso kwenye fimbo zao. Luhende akainama, ingawa hakuwa mwanafunzi wa mtu. Afande Machibya akavua kofia, akainamisha kichwa juu yake. Nikaona nimebaki mimi peke yangu, na Fadhila ananitazama, nikainama haraka na kufumba macho.

Upepo wa ziwa ulikuwa unapita kati ya mawe. Mahali fulani chini fundi alikuwa anagonga bati, kisha akaacha.

"Aliyenirushia jiwe anyooshe mkono," nikaisikia sauti yake. "Awe amerusha kwa mkono wake au amerusha kwa mdomo wake. Hakuna anayekuona ila mimi. Sina haraka."

Nilisikia pumzi za watu. Halafu nikasikia nguo ikichakacha upande wa kushoto, kisha nyingine nyuma yangu, kisha mtoto mgongoni mwa mama yake akalia kidogo kwa kutikiswa. Nilitamani kuchungulia kuliko nilivyotamani kitu chochote mwaka ule. Sikuchungulia. Mtu kando yangu alikuwa analia bila sauti, bega lake likigusa langu, na mpaka leo sijui alilia kwa nini.

"Nimeona," Fadhila akasema. "Shusheni. Fumbueni macho. Somo limekwisha, nendeni nyumbani."

Watu wakainuka taratibu, kila mmoja akimkwepa mwenzake. Machibya akamfuata haraka.

"Mwalimu, ni nani?"

"Siri ya darasa haitoki nje ya darasa."

"Mwalimu, hii ni jinai. Unatakiwa kunisaidia."

"Nitakusaidia," akasema, kwa sauti ya kuwafikia waliokuwa bado wanakusanya viatu vyao. "Jiwe moja likianguka tena kwenye bati langu, nitakuja kituoni kwako kwa miguu yangu, nikupe kila mmoja niliyemwona, kwa majina yake matatu. Mimi ndiye niliyewafundisha kuyaandika."

Hakuna aliyegeuka, lakini nilijua wote wamesikia. Machibya akavaa kofia, akampigia saluti. Sijawahi kuona polisi akimpigia saluti mwalimu wa darasa la kwanza, na sidhani kama ipo kwenye kanuni zao. Akateremka na walimu wetu, amemshika Luhende mkono.

Mimi nikabaki kumsaidia kuosha vikombe vya chai ya wageni. Nikamwambia akae apumzike, na kama kawaida hakukaa.

"Ni Ndalahwa?" nikamuuliza.

"Sikwambii."

"Angalau niambie walikuwa wangapi."

Alisuuza kikombe, akakigeuza, akakisuuza tena.

"Mikono ilikuwa mingi kuliko mawe, Jasu."

Nikaweka chini kikombe nilichoshika. Nilikuwa nimemtetea asiondoke, nimewatazama watu kwa jicho baya mpaka wakanyoosha mikono, nimepanda kilima kwa umri huu. Lakini pale jikoni niliona mambo kwa namna nyingine kabisa. Si kijana mmoja mhuni. Si jirani mmoja mwenye tamaa. Ni hawa wote, wale wale wanaomwamkia shikamoo asubuhi. Nikamwambia aende. Nikamwambia nitamfungia mabegi mimi mwenyewe, nitamsindikiza mpaka Dar, hakuna atakayemcheka, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kulala usingizi katikati ya mikono ile. Nilikuwa nalia, nami si mtu wa kulia.

Fadhila akajifuta mikono kwenye kanga, akanitazama kama anavyomtazama mtoto aliyepata jibu la hesabu kisha akalifuta.

"Unanishangaza, wewe na ualimu wako," akasema. "Mwalimu gani anatoka darasani mikono ikiwa juu?"